Fimbo za mwanzi kutoka Mufindi: shajara ya kutafuta umri wake

Februari, wiki ya kwanza

Mzigo wa fimbo nne za kuvulia samaki umefika karakanani kwangu Mafinga ukiwa umefungwa kwa kamba ya katani ndani ya turubai kuukuu. Ni mali ya Mzee mmoja wa upande wa mashamba ya chai ya Mufindi, ambaye ujanani alikuwa akiwabebea nyavu na mikoba Waingereza waliokwenda kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi. Familia inataka kujua mambo mawili: hizi ni fimbo gani, na ni za miaka gani. Mzee mwenyewe ameongeza la tatu, na hilo ndilo lililonifanya niikubali kazi. Anataka majibu yaandikwe, yakae pamoja na fimbo, ili wajukuu wasije wakazikata kuwa vijiti vya nyanya.

Nimezipanga mezani. Namba 1 ni kipande kimoja tu, kizito, cha mviringo, rangi ya kahawia iliyokolea. Namba 2 ina vipande vitatu na mfuko wa kitambaa uliooza kwenye pindo. Pete yake ya kwanza ya kupitishia mshipi, kutoka kwenye mshiko, ina jiwe la akiki ndani. Namba 3 ina vipande viwili, mwanzi wake ni mweusi kuliko wa namba 2, na haina vanishi ya kung'aa. Namba 4 imo ndani ya kisanduku cha mbao chenye vipande vifupi vingi. Pamoja nazo kuna kopo bapa la bati na rili moja, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, iliyoganda kwa kutu.

Kabla ya kitu chochote nimeandika kanuni juu ya ukurasa wa daftari, kwa herufi kubwa: fimbo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko sehemu yake changa kuliko zote, mradi sehemu hiyo ilizaliwa nayo. Kazi nzima imo katika hayo maneno ya mwisho. Uzi hukatika ukafungwa mwingine. Pete hutoka. Mshiko hutafunwa na panya. Mtu akiona uzi mpya akasema fimbo ni mpya, amekosea. Na akiona jiwe la akiki akasema fimbo ni ya zamani sana, anaweza kukosea vilevile. Lazima kwanza nijue kipi ni cha kuzaliwa na kipi kiliongezwa.

Kwa sasa hakuna msasa, hakuna mafuta, hakuna kupangusa mahali penye dalili ya maandishi. Kwenye samani nimeona mara nyingi mtu anavyokimbilia kung'arisha, akafuta kwa muda mfupi alama pekee iliyokuwa ikieleza kiti kilitoka kwa fundi gani. Picha kwanza, pande zote, kila kipande.

Wiki iliyofuata: mwanzi wenyewe

Namba 1 imejitenga mapema, kwa kuwa si mwanzi. Ni mbao nzima isiyo na fundo wala mshono, nzito kwa unene wake. Kila kitu kinaelekeza kwenye grinihati, mti mgumu wa Guyana ambao mafundi wa Uingereza waliutumia sana kwa fimbo za kuvulia kabla mwanzi haujaushinda. Lakini grinihati haikuachwa siku moja. Fimbo kubwa za kuvulia samoni ziliendelea kutengenezwa kwa mti huo hata baada ya karne ya 20 kuanza. Kwa hiyo mti peke yake haunipi mwaka. Nimeiandikia kibandiko cha aina, sehemu ya umri nimeiacha wazi.

Nyingine tatu ni za mwanzi uliopasuliwa, na hapa ndipo penye utamu. Hizi si mianzi mizima kama ile anayokata mtoto kwenda kuvulia perege bwawani. Fundi huchukua mwanzi mkavu, huupasua vipande virefu, kila kimoja hukichonga kikawa pembetatu yenye nyuzi 60, kikipungua unene kuelekea nchani, kisha huunganisha vipande sita kwa gundi. Kinachotoka ni ufito wa pande sita ambao ganda gumu la mwanzi limekaa nje kote. Samuel Phillippe, fundi bunduki wa Easton, Pennsylvania, alikuwa akitengeneza fimbo za mwanzi uliopasuliwa miaka ya 1840. Hiram Leonard wa Bangor, Maine, ndiye aliyezifanya za vipande sita kuwa bidhaa ya kiwandani miaka ya 1870, akisaidiwa na mashine ya kuchonga pembe hizo.

Swali la kwanza la umri liko katika aina ya mwanzi. Karne ya 19 mafundi walitumia mwanzi wa India walioufahamu kwa jina la Calcutta, ambao mara nyingi una madoa meusi ya kuunguzwa juujuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 nafasi yake ilichukuliwa na mwanzi wa Tonkin, ambao licha ya jina lake (Tonkin ni kaskazini mwa Vietnam) hutoka mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Mtaalamu wa mimea Floyd McClure aliupa jina la kisayansi, Arundinaria amabilis, mwaka 1931, wakati viwanda vilikuwa vimeshautumia kwa miaka mingi.

Ncha ya namba 2 imevunjika, na hapo penye kuvunjika naweza kuona moyo wa fimbo bila kukata kitu. Nimeweka lenzi. Pembetatu sita zinaonekana wazi, na ndani ya kila moja kuna vidoti vyeusi, ambavyo ni mashada ya nyuzi za mwanzi. Nimekwenda uani nikakata kipande cha mlanzi mkavu kutoka kwenye ua, ule ule tunaougema ulanzi wakati wa mvua, nikaulinganisha. Mpangilio ni mmoja: vidoti vimebanana karibu na ganda, vinaachana kadiri unavyoingia ndani. Tofauti ni kwamba kwenye mwanzi wa fimbo tabaka hilo lililobanana linaingia ndani zaidi, na mafundo yake ni mabapa, hayajavimba kama ya mlanzi wetu. Kwa fimbo nyembamba kama ncha ya kalamu, tabaka hilo ndilo linalobeba nguvu yote, kwa kuwa fundi anapochonga anaondoa upande wa ndani tu. Ganda haliguswi. Mzee wangu mmoja wa kusuka matenga alinifundisha jambo hilo hilo zamani: kwaruza ndani utakavyo, ukikwaruza nje umeharibu.

Hakuna madoa ya kuungua kwenye namba 2. Ni Tonkin. Kwa hiyo karne ya 19 imeondoka mezani kwa fimbo hiyo, ingawa mfuko wake unaonekana wa kale kuliko vyote.

Jambo lingine la kutazama ni mafundo. Kwenye namba 2 na namba 3 mafundo ya vipande sita yamepishanishwa, hayakutani sehemu moja, ili pasiwe na mahali dhaifu. Kwenye namba 4 mafundo yote yamekaa mstari mmoja, pete moja ya mafundo kuzunguka fimbo. Hiyo ni kazi ya haraka: mwanzi mmoja umepasuliwa ukaunganishwa kama ulivyotoka. Hilo halisemi mwaka, linasema ubora, na nimeliandika hivyo.

Vipimo

Mafundi wa fimbo hizi walihesabu kwa futi na inchi, basi napima kwa sentimita kisha nageuza. Namba 2: shina sentimita 93, kati sentimita 93, ncha 86. Vipande vya fimbo ya namna hii hutengenezwa vikiwa na urefu sawa, kwa hiyo ncha imepungua kama sentimita 7. Nikirudisha zile 7, kisha nikatoa sehemu ambazo dume linazama ndani ya jike kwenye viungio viwili, napata sentimita 274, yaani futi 9 kamili. Ni urefu wa kawaida kwa fimbo za kuvulia trauti kwa inzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Hesabu ikitoka safi namna hiyo ni dalili kwamba vipande vitatu vilitengenezwa kwa ajili ya kukaa pamoja.

Namba 3 vipande viwili vinalingana. Haijapoteza kitu.

Machi, mwanzoni: vyuma

Viungio ndivyo sehemu ninayoiamini kuliko zote baada ya mwanzi, kwa sababu kubadilisha jike na dume la fimbo ni kazi ngumu inayohitaji kalipa, kereza na mkono uliotulia. Mtu akiwa kijijini mbali na duka la vifaa hivyo atafunga uzi upya, atabandika pete ya waya, lakini kiungio atakiacha.

Viungio vya namba 2 vina weupe wa fedha uliofifia kidogo kuelekea manjano. Si fedha. Ni aloi ya shaba, nikeli na zinki ambayo mafundi wa fimbo nzuri waliipenda kwa sababu ni ngumu kuliko shaba ya njano na haiozi kwa maji. Nilisugua kwa kidole tu, sikuweka dawa yoyote. Dume bado linaingia kwa kubana, na ukilivuta ghafla linatoa mlio mdogo wa hewa. Kiungio kilichotengenezwa vizuri hukaa hivyo hata baada ya vizazi, na ukisikia mlio huo unajua aliyekitengeneza alikuwa anajali.

Sasa pete. Fimbo za zamani zaidi, za karne ya 19, zilikuwa na pete ndogo zilizolegea, zinazolala juu ya fimbo. Zilifuatwa na pete za waya uliosokotwa mara moja, zinazosimama zenyewe na kuuruhusu mshipi upite bila kukwama. Namba 2 ina hizi za waya mwilini, na akiki mwanzoni. Akiki ilipendwa kwa sababu mshipi wa hariri haulili jiwe. Hakuna mahali kwenye fimbo hiyo penye kromu. Hili nimelitafuta kwa lenzi, hasa kwenye mahali pa kufungia rili, kwa sababu upakaji wa kromu kiwandani ulianza kuenea katikati ya miaka ya 1920. Kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba fimbo ni ya kabla ya hapo, maana kiwanda kinaweza kuendelea na chuma cha zamani, lakini kromu ingekuwapo ningekuwa na mpaka wa chini usio na ubishi.

Namba 3 ina kishikio cha rili cha alumini chenye skrubu ya kukazia. Uzito wake unajulikana mkononi mara moja.

Machi, katikati: uzi

Mvua imenyesha mfululizo, karakana ina unyevu, na nimetoa fimbo kwenye ukuta nikazining'iniza kwenye misumari zikiwa wima. Fimbo ya mwanzi ikiegemezwa ukutani kwa miezi hupinda, na upinde huo huwa mgumu kuutoa.

Nimeutumia muda huu kwa uzi. Kwenye namba 2, shina na kati vina nyuzi nyembamba zilizofungwa kila baada ya kipande kidogo, hata mahali pasipo na pete. Mtu asiyejua atadhani ni urembo. Sababu ni gundi. Fimbo za wakati huo ziliunganishwa kwa gundi ya wanyama, ileile ya kuchemsha tuliyoirithi kwenye samani za kale, nayo huachia ikipata maji na joto. Vile vifungo vya karibu karibu vilikuwa ulinzi: gundi ikichoka, uzi ushike. Gundi zilivyoboreshwa, viwanda vikapunguza vifungo hivyo, na kufikia miaka ya 1930 fimbo nyingi mpya zilikuwa na uzi kwenye pete na viungio tu. Kwa hiyo vifungo vya karibu vinaivuta namba 2 kurudi nyuma.

Ila ncha haina vifungo hivyo. Ina uzi kwenye pete pekee, na uzi wenyewe unang'aa zaidi. Je, ncha ni ya fimbo nyingine? Hapa palinichukua muda, na ninapaeleza kwa sababu ndipo pagumu kuliko kote. Nimeipeleka kwenye mwanga wa dirisha nikaigeuza polepole. Kuna mistari myembamba iliyopauka kuzunguka mwanzi, yenye nafasi sawa na vifungo vya kipande cha kati. Mwanzi hukolea rangi kwa miaka ya mwanga, lakini chini ya uzi hubaki mweupe kidogo. Kumbe ncha nayo ilikuwa na vifungo, vikatolewa, ikafungwa upya. Ncha ni yake.

Kisha nimejaribu uzi wenyewe. Palikuwa na kipande kilichokwisha kufumuka kwenye ncha, kirefu cha ukucha. Nimekichoma kwa kiberiti: kimeyeyuka kikajikunja kuwa kitone kigumu. Nailoni. Kipande kingine kilichofumuka kutoka kwenye shina kimeungua kwa harufu ya nywele na majivu yake yamesagika vidoleni. Hariri. Wakala wa fedha wa hapa jirani ameniazima tochi yake ya kukagulia noti, nikaizungusha gizani: uzi wa ncha umetoa mng'ao wa buluu, wa shina haukutoa. DuPont walitangaza nailoni mwaka 1938, kwa hiyo matengenezo ya ncha ni ya baada ya hapo. Matengenezo tu. Hayaihamishi fimbo.

Machi, mwishoni: maandishi

Nimechelewesha sehemu hii makusudi, kwa sababu jina likishaonekana macho huacha kutazama vitu vingine.

Juu ya mshiko wa namba 2, upande mmoja bapa, kuna kivuli cha wino chini ya vanishi. Kwa mwanga wa juu hakionekani kabisa. Nimezima taa, nikaweka tochi ya simu ilale karibu sambamba na fimbo, mjukuu wa Mzee akapiga picha kwa simu nyingine huku mimi nikizungusha. Yametoka vipande vya herufi: LAKO, na chini yake ALNW.

Alnwick ni mji wa Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, ambako kampuni ya Hardy ilianzishwa mwaka 1872. Palakona ni jina la kibiashara walilolitumia kwa fimbo zao za mwanzi uliopasuliwa. Herufi nne na nne zinatosha. Ni Hardy. Palikuwa na tarakimu pia, lakini zimelika. Mbili tu zinasomeka, na kwa mbili siwezi kuandika chochote cha kweli.

Nimefurahi sana, sitaficha. Ila jina limenipa kiwanda, halikunipa mwaka. Mwaka unatoka kwenye mwanzi, viungio, vifungo vya hariri na kukosekana kwa kromu, vyote vikisimama pamoja: baada ya Tonkin kushika soko mwanzoni mwa karne ya 20, kabla vifungo vya karibu havijaachwa. Nimeandika kwa penseli: kati ya miaka ya 1910 na mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Aprili: kwa Mzee

Nimekwenda Mufindi na picha. Ukungu ulikuwa chini, chai inachumwa.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Zimekwambia nini hizo fimbo?"

Nikamwambia zimesema mengi, lakini zimebakiza sehemu yake. Nilitaka kujua zilifikaje kwake, na lini. Mzee hahesabu miaka kwa tarakimu. Anahesabu kwa matukio, na matukio yake ni imara kuliko risiti. Bwana aliyekuwa naye, Mwingereza mwenye fimbo hizi, aliondoka mwaka uliofuata Uhuru. Hiyo ni 1962. Alipoondoka alimwachia turubai lote. Wakati wa Operesheni Vijiji, 1974, Mzee alihamisha nyumba, akalibeba turubai begani kabla ya kubeba kitanda.

"Ile yenye jiwe," akasema, "haikuwa yake. Ilikuwa ya baba yake. Alikuwa haipeleki mtoni. Mara moja tu aliitoa, ncha ikavunjikia kwenye jiwe, akakaa kimya siku nzima."

"Nani aliyefunga uzi mpya?"

"Yeye mwenyewe, usiku, kwa taa ya kandili. Mimi nilimshikia."

Basi ile nailoni imepata mwenyewe. Nikamwuliza kuhusu nyeusi, namba 3. Akasema hiyo ndiyo iliyokuwa ikienda mtoni kila wiki, na ilinunuliwa mpya, yeye akiwa tayari kazini. Halafu mwishoni Bwana akaleta fimbo nyeupe ya faiba, yaani ya nyuzi za kioo, akasema haiozi wala haipindi, na tangu hapo mianzi ikalala kwenye turubai.

Maelezo haya yanaingiliana na historia pana. Kampuni ya Shakespeare ya Marekani ilianza kuuza fimbo za faiba mwaka 1947. Mwishoni mwa 1950 Marekani ikafunga biashara na China, mwanzi wa Tonkin ukaadimika kwa viwanda vya huko. Faiba ilikuwa rahisi na haikuhitaji mkono wa fundi kwa siku nyingi. Ndani ya miaka michache fimbo za mwanzi zilikuwa kitu cha wachache. Turubai hili lilifungwa wakati huohuo.

Ushahidi wa Mzee unafanya kazi ambayo vyuma haviwezi. Sehemu za fimbo zinaweka mpaka wa chini: haikutengenezwa kabla ya hapa. Mtu aliyeipokea anaweka mpaka wa juu: haikutengenezwa baada ya hapa. Kwa fimbo zote nne, hakuna iliyotengenezwa baada ya 1962. Ndiyo maana nasikitika kila ninaposikia kitu cha kale kimeuzwa gulioni bila kuuliza kilitoka kwa nani. Mpaka mmoja hupotea hapo hapo.

Tukafungua na lile kopo bapa. Ndani kuna vitambaa vizito vya sufu, na vipande vya nyuzi ngumu za rangi ya asali zilizojikunja. Mzee akaeleza bila kuulizwa: zililowekwa usiku, asubuhi zinalainika, ndipo ndoana inafungwa. Ni nyuzi zilizotokana na tezi za viwavi wa hariri, ambazo wavuvi walizitumia kabla ya nailoni, na zikiwa kavu hukatika kama kijiti. Kopo lilikuwa la kuzitunza zikiwa na unyevu. Nimeliweka pamoja na namba 2, ingawa kwenye kibandiko nimeandika kwamba liliokotwa nazo, sikuandika kwamba ni lake.

Aprili, namba 3

Nimerudi kwa fimbo nyeusi nikiwa na maneno ya Mzee. Weusi wake si wa moto wala rangi ya juu, umeingia ndani. Nimetoa kizibo kidogo cha chini ya mshiko na mwanzi wa ndani una rangi ileile. Hakuna tabaka la vanishi la kukwanguka. Maji nikidondosha yanabaki tone, hayaingii.

Huu ni mwanzi ulionyweshwa bakelaiti, aina ya plastiki ngumu ya zamani. Wes Jordan wa kampuni ya Orvis, Vermont, aliubuni utaratibu huo miaka ya 1940 na hataza yake ikatolewa mwaka 1950. Sharpe's wa Aberdeen, Uskoti, nao walitengeneza fimbo za mwanzi ulionyweshwa. Gundi yake haiogopi maji, ndiyo maana ina uzi kwenye pete na kiungio tu. Jina limefutika lote, hata kivuli hakuna. Alumini, skrubu, mwanzi ulionyweshwa, na Mzee aliyeiona ikifika mpya: kati ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na 1962, na kwa kauli ya Mzee karibu zaidi na miaka ya 1950. Kwa fimbo isiyo na jina, hilo ni jibu zuri sana.

Namba 4

Fupi. Kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi, vipande vifupi, mafundo mstari mmoja, viungio vya shaba nyembamba. Chini ya kisanduku kuna maandishi ya Kiingereza yanayosema kimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa. Bidhaa za Japani ziliwekwa alama hiyo wakati nchi hiyo ikiwa chini ya majeshi ya Marekani na washirika wake baada ya vita, na ukaliaji huo ulikwisha 1952. Ndiyo fimbo yenye umri ulio wazi kuliko zote, na ndiyo ya bei ndogo kuliko zote; ziliuzwa kwa wingi kama kumbukumbu za safari. Mzee anasema iliachwa na mmisionari.

Mei: vibandiko

Nimeandika vibandiko kwa penseli kwenye karatasi ya pamba, nikavifunga kwa uzi, sikubandika gundi popote. Kila kimoja kina sehemu tatu: kilichoonekana kwenye fimbo, kilichosemwa na Mzee, na muda unaotokana na hayo mawili. Nimevitenga kwa sababu atakayekuja baadaye na lenzi bora anaweza kupinga sehemu ya kwanza bila kuitupa ya pili.

Tumekubaliana kuhusu matengenezo. Namba 2 haitafungwa uzi mpya wala kurefushwa ncha. Ile nailoni ya kandili itabaki. Mshiko wake wa koki uliotafunwa nitausafisha vumbi tu. Mdudu bungua ametoboa matundu mawili kwenye kisanduku cha namba 4, kwa hiyo hicho kinakaa peke yake mbali na mwanzi mpaka nihakikishe hakuna unga mpya unaodondoka chini yake. Namba 1 inabaki bila mwaka.

Namba 3 ni nzima, na Mzee ameamua itumike. Mjukuu wake amekwisha kununua mshipi. Kazi iliyobaki kwangu ni kuilegeza rili iliyoganda, nikianza na mafuta ya taa kwenye ekseli wiki hii, na kushona mifuko mipya ya kitambaa cha marekani kwa fimbo zote, ya zamani ikikunjwa na kuwekwa ndani ya mfuko wa namba 2.